Wito wa Tatu

Mpishi aliingia chumba cha redio na mwiko mkononi, uji ukidondoka sakafuni, akauliza, "Umeniita?"

"Sijakuita," alijibu mtu wa redio bila kugeuka.

"Mtu ameniita. Mara mbili. Nikadhani unataka chai."

"Chai naitaka, ila sijakuita."

Mpishi alisimama kidogo, akaangalia dirisha lililozibwa na magunia ya mchanga. "Basi masikio yangu yamezeeka kabla ya magoti," alisema, akacheka peke yake, akarudi jikoni.

Mtu wa redio walimwita Mawimbi, kwa sababu alishinda na vidude vya kusikilizia masikioni hata wenzake wakasema siku moja atajibu kwa milio. Kituo chao cha askari wa mpakani kilikuwa juu kabisa, pale barabara inapokata tamaa na kuwa njia ya mbuzi. Kuta zake zilikuwa za mawe. Bati la paa lilikandamizwa kwa mawe mengine upepo usiondoke nalo. Mbele kulikuwa na geti la chuma, na mbele ya geti ardhi ilishuka ghafla kwenye bonde jembamba, lenye giza hata jua likiwa utosini. Ng'ambo ya bonde, kwenye mapango ya mlima wa pili, walikaa waasi.

Wiki iliyotangulia waasi walipanda alfajiri. Walipigana mpaka jua likawa kali, kisha waasi wakarudi nyuma, na bonde likabaki na maiti za pande zote mbili. Miongoni mwao alikuwamo koplo mmoja aliyeitwa Shemeji, mtu wa utani, ambaye kila aliyemtajia dada yake alijibiwa, "Basi sisi ni ndugu, mahari tutazungumza." Alianguka chini kabisa, kwenye mawe. Askari walijaribu kushuka kumchukua, risasi zikawarudisha. Waasi nao walijaribu kuwachukua watu wao, wakarudishwa vivyo hivyo. Halafu ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukakaa. Haukuwa ule ukungu wa asubuhi unaokimbia jua. Mchana ulikuwepo, jioni ulikuwepo, mtu akinyoosha mkono haoni kucha zake.

Siku ya pili mpishi alikuja tena chumba cha redio. Safari hii hakuwa na mwiko, na aliufunga mlango nyuma yake.

"Nimemjua anayeniita," alinong'ona. "Ni Shemeji."

"Shemeji amekufa."

"Najua. Ndiyo maana nanong'ona."

Mawimbi alivua vile vidude vya masikioni. Alitaka kumtania, lakini mpishi alikuwa na uso wa mtu aliyekesha na mgonjwa. Alisema sauti inatoka nyuma ya jiko, nje ya ukuta, na kabla haijaita inatangulia harufu, kama ya majivu yaliyomwagiwa maji. Alisema inamwita kwa jina alilopewa na bibi yake, jina ambalo hapo kituoni hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Shemeji, siku moja walipokuwa wakimenya viazi.

"Hujaitika?"

"Bado," alisema mpishi. "Ila ni vibaya kumnyamazia mtu mliyekula naye."

Kesho yake mchana askari walisikia harufu ya maharage yanayoungua. Waliikuta sufuria inaungua peke yake, na mlango wa nyuma wa jiko uko wazi, ukungu umeingia mpaka kwenye rafu za unga. Kitinda ndiye aliyemwona mpishi. Huyo Kitinda alikuwa mdogo wake Mawimbi, kitinda mimba wa mama yao, ndiyo maana ya jina. Alikuwa akishika kamba iliyofungwa kwenye mlango ili asipotee, na kamba ilipokaribia kuisha akamgusa mpishi kwa mguu. Mpishi alikuwa amekaa juu ya jiwe, ukingoni mwa bonde, mikono magotini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Hakuwa na jeraha. Mdomo ulikuwa wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya kuitika, na ulimi wake ulikuwa mweupe kwa majivu.

Walimzika nyuma ya ghala, na jioni ile ile, kabla hata hawajanawa udongo mikononi, mlinzi wa geti akaja mbio kwa mkuu wa kituo kumwambia kwamba mpishi yuko nje anaita, anasema chakula tayari.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mkavu, aliyezeekea milimani, asiyependa maneno ya kishirikina. Alikwenda mwenyewe getini, akasikiliza. Akarudi. Alikaa kitini mwake akafungua na kufunga vifungo vya mikono ya shati, akafungua na kufunga.

Aliyewaambia la kufanya ni mama wa maziwa. Alikuwa mchungaji wa mbuzi mwenye kibanda chini ya mteremko, na aliuza maziwa kwa askari na kwa waasi, kila upande ukijua na kila upande ukijifanya haujui, maana maziwa mengine hayakuwepo. Alipopanda na madumu yake Mawimbi na Kitinda walimpokea getini, wakamsimulia. Alisikiliza huku akisukasuka dumu maziwa yasigande.

"Bonde lile lina mwenyewe," alisema. "Tangu zamani. Sisi hatupiti pale na maiti, wala hatulali pale. Nyinyi mmemjazia nyumba wafu wasiozikwa, na kila mfu amemwachia sauti. Sasa ana sauti nyingi, anazijaribu."

"Wewe ni mganga?" aliuliza Kitinda.

"Ningekuwa mganga mume wangu angekuwa nyumbani." Aliweka dumu chini. "Sikilizeni. Jini huyo huita mara ya kwanza, huita mara ya pili. Ya tatu hana. Mtu wa kweli, aliye hai, ataita mara tatu na nne na kumi mpaka umfungulie au akutukane. Basi ukiitwa, nyamaza. Ngoja wito wa tatu. Ukiitika kabla, umemfungulia mlango, na atakayekwenda naye ni wewe."

"Na dawa yake?"

"Wazikeni. Wote, wenu na wao. Hakuna dawa nyingine ninayoijua."

Mkuu wa kituo alipoelezwa aliguna. Lakini kesho yake asubuhi alipanga askari mstari akatoa amri, kwa sauti ile ile ya kutangaza zamu za ulinzi, kwamba kuanzia leo geti halifunguliwi wala mtu hajibu mpaka aliye nje aite mara tatu. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Wakaanza kuishi hivyo. Mtu akiitwa na mwenzake chooni, anasimama kimya akihesabu. Wakaacha kutaniana. Wakila, wanakula wakiangalia mdomo wa anayesema, wahakikishe sauti inatoka hapo. Na mara kwa mara ukungu ulipokuwa mzito harufu ya majivu yaliyolowa ilipita katikati yao kama mtu anayetafuta pa kukaa, kisha nje ya ukuta Shemeji akaita, au mpishi, au sauti za watu wasiowajua, wenye lafudhi ya ng'ambo, wakiita majina ya watu wa ng'ambo.

Siku moja redio ya Mawimbi ilikoroma, na katika njia yao wenyewe ya mawasiliano ikaingia sauti ya mwanamume, ya chini, iliyochoka.

"Jirani," ilisema. "Wewe wa redio. Nyinyi nanyi mnaitwa?"

Mawimbi aliganda. Kuzungumza na waasi lilikuwa kosa la kufungwa. Alingoja. Sauti ikarudia, "Jirani, nauliza tu, nyinyi nanyi mnaitwa?" Akangoja tena. Ikaja mara ya tatu, na safari hii ikaongeza tusi la kuchoka. Mawimbi karibu acheke kwa furaha, maana jini hatukani mara ya tatu. Akabonyeza kitufe.

"Tunaitwa," alisema.

Pumzi ikasikika redioni. "Mimi nimempoteza mwanangu," ilisema ile sauti. "Aliitika. Alimsikia rafiki yake. Kaka, tusikilizane. Tushuke wote bila bunduki tuwazike watu wetu. Siku moja tu. Halafu tukitaka kuuana, milima haihami."

Mawimbi alikwenda kwa mkuu wa kituo akasema yote, hata kosa lake la kujibu.

"Ni mtego," alisema mkuu wa kituo.

"Afande, mtu yule alikuwa analia."

"Na mimi ningelia kama kulia kungenipatia kituo." Kisha akashusha sauti. "Unadhani sitaki? Nikiwashusha askari bila silaha na wale wakapiga risasi, nitawaambia nini mama zenu?"

Mawimbi aliondoka. Alipokaa tena kwenye redio alimkuta yule mtu bado anangoja. Alimwambia, "Wamekataa." Yule mtu akasema, "Wangu pia watakataa, sijawauliza bado." Hawakusikilizana tena.

Maji ndiyo yaliyowaponza. Tangi lilikuwa linaelekea kukauka, na chemchemi iko upande wa pili wa mgongo wa mlima. Gari la kuwasaidia lisingepanda katika ukungu ule. Mkuu wa kituo akachagua kikosi kidogo kwenda na mapipa mgongoni, na Kitinda akawa mmojawapo.

Mawimbi alimfuata ghalani alipokuwa akifunga kamba za viatu. Siku Kitinda alipojiunga na uaskari, na akaomba mwenyewe kupelekwa kituo cha kaka yake, mama yao alikuwa amemshika Mawimbi kidevu, mtu mzima mwenye ndevu, akamwambia, "Huyu nilimzaa mimi, lakini uliyembeba mgongoni ni wewe. Nirudishie." Mawimbi alitaka kumwambia mdogo wake ajifanye mgonjwa. Kitinda alimtazama usoni akajua.

"Nikijifanya naumwa tumbo, ataenda nani?" alisema. "Na wewe utaoga na nini, kaka? Unanuka tayari."

Wakaondoka. Mawimbi aliwafuata kwa masikio, redio yao ndogo ikisema, "Tumepita jiwe jeupe, tumefika kwenye maji, tunajaza." Halafu milio ikaanza, si redioni tu, hata kwenye kuta, bunduki za kwao na bunduki za wale, zikichanganyika ndani ya ukungu kama mvua ya mawe juu ya bati, na katikati ya milio hiyo mtu akapaza sauti kwamba hawaoni wanampiga nani, kisha redio ndogo ikafanya mlio mmoja mrefu na kunyamaza. Mawimbi aliita. Aliita mara tatu, akaita mara nyingi zaidi ya tatu, mpaka koo likakauka.

Mchana ukageuka jioni. Hakurudi mtu.

Harufu ilitangulia. Ilipita chini ya mlango wa chumba cha redio, majivu yaliyolowa, nzito kuliko siku zote, na Mawimbi akasimama kabla hajasikia chochote. Alipofika getini mkuu wa kituo alikuwa pale tayari, na mlinzi wa geti, na wote wawili walikuwa wamesimama mbali na chuma, kama watu wanaoogopa kuungua. Nje hapakuwa na kitu cha kuonekana. Tundu la kuchungulia lilijaa ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Kaka," ilisema sauti, karibu kabisa, chini kabisa. "Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Kitinda. Haikuwa ya kufanana tu na yake, ilikuwa yake hasa. Mawimbi mkono wake ulishafika kwenye komeo pasipo yeye kuutuma, na mkono wa mkuu wa kituo ukamshika bega.

"Subiri," alinong'ona mkuu wa kituo.

"Ni mdogo wangu."

"Mpishi naye alisema ni Shemeji. Subiri wito wa tatu. Akiwa yeye, ataita."

Wakasubiri. Kitu kiligonga chuma, chini, polepole, mlio mdogo kama wa bati linalopigwa na upepo, na upepo ulikuwepo, na mlinzi wa geti alikuwa akisoma dua kwa midomo tu bila sauti, na harufu ile iliwazunguka miguu ikapanda mpaka kifuani, na Mawimbi akiwa ameshika komeo la baridi alikuwa akimwita mdogo wake moyoni, akimwambia ita, ita tena, tukana, sema chochote, sema nanuka.

"Kaka," ilisema sauti.

Hiyo ilikuwa ya pili. Ukungu ulisukumana kwenye tundu. Walisubiri mpaka vidole vya Mawimbi vikafa ganzi juu ya komeo, wakasubiri mpaka giza likawa giza kweli, na ya tatu haikuja.

Mkuu wa kituo alishusha pumzi. "Umeona," alisema kwa upole. "Siye."

Na Mawimbi alifurahi. Hilo ndilo lililomla baadaye kuliko mengine yote. Alimshukuru Mungu kwamba hakufungua, akarudi ndani akanywa maji ya mwisho ya birika, na akalala.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka. Anga lilikuwa safi kama limefuliwa. Mlinzi alivuta komeo akasukuma geti, geti likakataa. Akasukuma tena kwa bega. Kulikuwa na kitu kizito kimeegemea upande wa nje.

Kitinda alikuwa amekaa, mgongo kwenye chuma, miguu imenyooka mbele. Risasi ilimpita tumboni. Alikuwa ametambaa kutoka chemchemi mpaka pale, njia yake ilionekana yote kwenye mawe. Kwenye geti, chini, kimo cha mtu aliyekaa, kulikuwa na alama za damu za vifundo vya vidole, za kwanza nzito, za mwisho hafifu kama za mtu anayechora. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ulimi wake haukuwa na majivu. Alikuwa mtu tu, aliyekosa nguvu ya kuita mara ya tatu.

Mkuu wa kituo alivua kofia. Akaenda nyuma ya ghala akaanza kuchimba kaburi mwenyewe, na hakukubali mtu ampokee jembe.

Mama wa maziwa alimkuta Mawimbi karibu na kaburi, siku magari yalipofika kubadilisha askari.

"Uliniambia ningoje," Mawimbi alimwambia.

"Nilikwambia." Hakujitetea. Alikaa chini kando yake. "Ulimwitikia hata mwishoni? Ulipomkuta?"

"Sikuweza kufungua mdomo."

Mama yule aliangalia bondeni. "Basi nisikilize mara moja tu, kisha unichukie. Aliyekuja getini alikuwa ndugu yako. Lakini wito usioitikiwa haufi, na mwenye bonde alikuwapo pale na harufu yake, ameuokota. Atakayekuja baadaye hatakuwa ndugu yako, ila atakuwa na sauti yake. Hatabaki mlimani, atakufuata wewe. Atakayemwitikia ndiye atakayetoka. Kama ni lazima mtu atoke, atoke amefunga mdomo, asimwachie sauti."

Mawimbi alirudishwa nyumbani kupumzika. Mama yake aliishi mjini chini, nyumba ya vyumba viwili na ua mdogo nyuma, na riziki yake ilikuwa cherehani iliyokaa karibu na dirisha. Alimpokea mwanawe kwa kumshika uso, akalia kidogo, kisha akauliza kile ambacho Mawimbi alikuwa akikiogopa njia nzima.

"Alisema nini mwisho wake?"

"Hakusema kitu, mama. Ilikuwa ghafla. Hakuteseka."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Alirudi kwenye cherehani, akapitisha uzi kwenye sindano, ukakataa, akapitisha tena.

Wakaishi siku kadhaa hivyo, cherehani ikitetema, Mawimbi akikaa kwenye mkeka akiangalia mikono yake. Majirani walileta chakula, wakakaa nao, wakaondoka. Alianza kulala. Alianza hata kudhani mlima umebaki kule ulipo.

Alasiri moja mvua ndogo ilikuwa ikinyesha. Mawimbi alisikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, akainuka kutazama jiko. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi. Alipokuwa bado amelishikia mkono juu, likiwa baridi, sauti ikatoka nyuma ya mlango wa uani.

"Kaka. Nifungulie."

Cherehani ikasimama.

Mawimbi aligeuka akamwona mama yake ameshika kitambaa hewani. Akaweka kidole mdomoni. Akamwendea kwa magoti, akamshika mikono, na kwa kunong'ona, maneno yakikanyagana, akamwambia yote ambayo hakumwambia, bonde na mpishi na amri ya wito wa tatu, ukungu na geti, na jinsi alivyoshika komeo akasikia sauti ile ile ikisema maneno yale yale na hakufungua, na jinsi alivyofurahi, na jinsi geti lilivyokuwa zito asubuhi, na kwamba huyu aliye nje sasa si Kitinda, mama, nakuomba, hata akikuita kwa jina alilokuita alipokuwa mtoto, si Kitinda, tunyamaze tu, atachoka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe alikuita," alisema.

"Mara mbili."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama."

"Kaka," ilisema sauti nje, hafifu zaidi, na kitu kikagonga ubao wa mlango, chini.

Mama aligeuza uso kuelekea mlangoni. Alijibu kwa sauti ya kila siku, ile aliyokuwa akiitumia wanawe walipokuwa wadogo na mmoja yuko nje amefungiwa na mwenzake. "Ngoja kidogo, mwanangu. Kaka yako anakuja."

Mawimbi alihisi chumba kinapoa. Mama alishaanza kutafuta kandambili kwa mguu, polepole, macho yameganda mlangoni, kama mtu anayevutwa na kamba asiyoiona. Mawimbi alimsukuma mama akamkalisha. Ilimbidi atumie nguvu, na mama yake hakuwahi kuwa na nguvu kama hizo.

"Keti, mama. Kaniita mimi. Umesema nakuja, basi nitakwenda mimi."

Alimbusu mikono. Alikumbuka maneno ya mama wa maziwa, akafunga mdomo, meno juu ya meno, akavuta komeo la mlango wa uani. Mama aliona mgongo wake unaingia kwenye mvua na mlango unarudi nyuma yake. Hapo hapo ile kamba ikalegea. Alisikia nyayo kwenye changarawe, zikasimama. Akasikia sauti ya mwanawe mdogo, ya chini kabisa, kama inasemwa sikioni.

"Kaka, nasikia baridi."

Mvua ikaendelea kunyesha. Mama alikuwa akingoja kitu, hajui ni nini. Kisha akamsikia mwanawe mkubwa, aliyekuwa amejiapiza kutofungua mdomo, akisema kwa sauti iliyovunjika, "Nipo, mdogo wangu. Nipo hapa. Nisamehe."

Majirani waliokuja na chakula jioni walimkuta mama amekaa kwenye kiti cha cherehani, mlango wa uani wazi, maji ya mvua yameingia mpaka miguuni mwake. Mawimbi walimkuta nje ya ukuta, amekaa juu ya jiwe la kufulia, uso kuelekea milimani, mikono magotini. Waliomwosha walisema ilichukua maji mengi kuusafisha ulimi wake.

Baada ya mazishi dada yake mama alikuja kumchukua, ampeleke kwake mbali na milima, nchi tambarare isiyo na ukungu. Alitegemea ubishi, lakini mama alikubali mara moja. Alikunja nguo, akafunga cherehani kwa shuka, akapanda gari bila kugeuka nyuma. Kule alipewa chumba cha mbele, kikubwa, chenye jua. Alikikagua, akashukuru, akaomba abadilishiwe, apewe kile kidogo cha nyuma karibu na stoo, chenye mlango wa uani.

Dada yake alimuuliza kwa nini anataka kujibana huko.

"Watoto wangu hawajui kuita mlango wa mbele," alisema. "Na mimi sitaki waite mara mbili."